Kubadilishana sarafu kwa posta: pima kabla ya kutuma bahasha

Wakusanyaji wawili wanaotumiana sarafu kwa posta mara nyingi hawajawahi kuonana, wanaishi nchi tofauti, na mzigo wenyewe si wa kufikishana mahakamani. Bahasha ikifika imechanika pembeni, wewe utasema ulitia sarafu 12, mwenzako atasema amekuta 9, na huenda nyote wawili mnasema kweli. Hapo kinachoamua ni ushahidi uliouweka kabla bahasha haijatumwa, na ushahidi wa bei nafuu kuliko wote ni uzito. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 inatosha. Wengi huinunua kwa ajili ya kutambua sarafu bandia, kisha siku ya kutuma wanaiacha kabatini.

Orodha kwanza

Kubalianeni ni sarafu zipi hasa. "Sarafu kumi za Ulaya" ni mwaliko wa ugomvi. Kila sarafu iandikwe nchi, thamani, mwaka, namba ya katalogi na hali yake. Kuna namba za KM, yaani Krause na Mishler walioanzisha katalogi hiyo, na kuna namba za Numista, katalogi ya mtandaoni. Chagueni mfumo mmoja mbaki nao hadi mwisho. Pale ambapo kiwanda cha sarafu kina maana, mwaka peke yake hautoshi. Euro za Ujerumani, kwa mfano, zina herufi ndogo: A ya Berlin, D ya München, F ya Stuttgart, G ya Karlsruhe, J ya Hamburg. Anayejaza albamu kwa herufi akisubiri G akaletewa A ya pili, kwake ni kama hajapokea kitu.

Hali ya sarafu, kwa maoni yangu, ndiyo inayovunja urafiki kuliko hata wizi. Mtu akiandika VF (very fine, yaani imetumika lakini bado nzuri) ana picha yake kichwani, na wewe una yako. Tena mifumo yenyewe ni mingi. Mjerumani atakuandikia ss kwa kitu kilicho karibu na VF, na vz kwa kilicho karibu na XF (extremely fine, yaani imechakaa kidogo sana); Mfaransa ataandika TTB au SUP. Ukikutana na PP ya Kijerumani, jua kwamba hiyo haipimi uchakavu hata kidogo. Inaeleza namna sarafu ilivyotengenezwa, kwa uso unaong'aa kama kioo, na sarafu ya PP inaweza kuwa imekwaruzwa vibaya. Herufi usiyoizoea iulizie, halafu amini picha kuliko herufi.

Picha ziwe mbili kwa kila sarafu, mbele na nyuma, ikiwa nje ya plastiki na mwanga ukitoka upande mmoja. Sarafu iliyosuguliwa kwa dawa hung'aa sawasawa kote kama sufuria mpya. Ambayo haijaguswa ina mng'ao unaozunguka kama miale unapoiinamisha chini ya taa. Picha ya kawaida haiwezi kuonyesha jambo hilo, kwa hiyo kwa sarafu yenye thamani omba video ya sekunde 10 tu, sarafu ikigeuzwa taratibu. Omba pia picha moja ya sarafu zote zikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono jina unalotumia mtandaoni na tarehe ya siku hiyo. Anayetumia picha alizozichota kwenye kurasa za minada hawezi kuitoa. Utasikia kamera imeharibika, sarafu ziko kwa ndugu yake, atapiga kesho. Kesho ikipita bila picha, achana naye.

Kuna pia makosa yasiyo na nia mbaya. Thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ni mfano mzuri. Zote zina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, kwa sababu sarafu hiyo iliendelea kutengenezwa kwa chapa ileile hadi zama hizi, na viwanda vya miji kadhaa viliitengeneza. Uzito wake ni takriban gramu 28.07, fedha ya 833 kwa 1000, na iliyotoka kiwandani Vienna miaka ya karibuni itapita vipimo vyote hivyo. Hapa mizani haikusaidii. Mwenzako akisema "nina thaler ya 1780" amesema kweli na bado hajakwambia chochote cha maana. Mnatakiwa muangalie tofauti ndogondogo za chapa, manyoya ya tai na kipini cha begani, ndipo mjue ni ipi.

Nani atangulie

Desturi iliyozoeleka ni kwamba mwenye mabadilishano machache kwenye rekodi yake hutangulia kutuma, na mwenye sifa ndefu hutuma akishapata namba ya ufuatiliaji, au akishapokea mzigo kabisa. Mgeni asione amedharauliwa. Ndivyo kila mmoja alivyoanza. Kama nyote ni wapya, tumeni siku moja na mtumiane picha za risiti jioni hiyohiyo.

Mara ya kwanza, tuma kitu ambacho kikipotea utakasirika kwa jioni moja tu. Mkiwa na orodha ya sarafu 40, igaweni mara mbili au tatu, na awamu ya pili isianze kabla ya kwanza kufika pande zote mbili. Gharama ya stempu itapanda. Ni sawa, hiyo ndiyo bima yenu.

Thamani zisipolingana, malizeni tofauti kwa sarafu. Noti ndani ya bahasha ni kosa mara mbili: posta nyingi zinakataza, na noti ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kupotea bila kuacha alama. Mkilipana mtandaoni, epuka lile chaguo la kutuma "kwa ndugu na marafiki". Linapunguza ada kwa sababu linaondoa ulinzi wa mnunuzi, na tapeli hulipenda kwa sababu hiyohiyo.

Dalili ya hatari ambayo watu huipuuza ni anwani kubadilika katikati ya mazungumzo. Akaunti nzuri yenye sifa za miaka mingi inaweza kuwa imeibwa jana. Mtu akikuambia umtumie binamu yake mji mwingine, muulize jambo la mabadilishano yenu ya zamani ambalo mwenye akaunti halisi hawezi kulisahau. Na wewe mwenyewe, ukiweza, tumia sanduku la posta badala ya anwani ya nyumbani. Hakuna sababu ya watu usiowajua kufahamu mlango ambao nyuma yake kuna albamu za fedha.

Posta na forodha

Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa 1874 na wenye makao Bern, una mkataba unaokataza sarafu, noti, dhahabu na fedha kwenye barua zisizo na bima. Mkataba huohuo unaacha mlango: sheria ya nchi ikiruhusu, vitu hivyo vinaweza kwenda ndani ya bahasha iliyofungwa kama barua ya rejista. Kwa hiyo jibu la "inaruhusiwa?" linategemea nchi zote mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji. Mashirika ya posta huchapisha orodha ya vitu vilivyokatazwa kwa kila nchi inayopokea. Isome kabla ya kukubaliana, maana zipo nchi zinazokataa sarafu kabisa. Bima nayo isomwe kwa makini: mara nyingi sarafu zimo kwenye kifungu cha vitu visivyolipiwa fidia, hata kama karani amepokea ada yako bila kusema neno.

Mzigo wenye bidhaa unaovuka mpaka unahitaji fomu ya forodha, CN22 ile ndogo, au CN23 thamani ikiwa kubwa. Tangu 1 Januari 2021 taarifa za fomu hiyo zinatakiwa zitangulie kielektroniki, ndiyo maana posta nyingi zinakutaka uijaze mtandaoni kabla ya kufika dirishani. Andika "sarafu za mkusanyaji", idadi, uzito na thamani ya kweli. Namba ya ushuru ya vitu vya wakusanyaji wa sarafu iko chini ya 9705. Kwenye sababu ya kutuma utaona zawadi, hati, sampuli, mauzo na nyingine. Weka alama kwenye "nyingine" na uandike "kubadilishana" kwa lugha inayoeleweka kule inakokwenda. Wengi hukimbilia "zawadi", hasa tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya ulipofuta msamaha wa kodi kwa mizigo isiyozidi euro 22 huku zawadi za hadi euro 45 kati ya watu binafsi zikiendelea kusamehewa. Lakini mnachofanya si zawadi, kila mmoja anapata kitu.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba uandike "vipande vya chuma" au "medali" ili wezi wasijue. Mimi siukubali. Mzigo ukipotea utadai vipande vya chuma, na forodha wakiufungua wakakuta sarafu, tatizo limehamia kwa mwenzako. Ukiogopa wezi, nje ya bahasha pasiwe na kitu chochote zaidi ya anwani na lebo inayotakiwa. Stempu saba za rangi na jina la kundi la wakusanyaji ni tangazo.

Sarafu za kale ni habari nyingine. Mkataba wa UNESCO wa 1970 unataja sarafu zenye umri wa zaidi ya miaka 100 miongoni mwa vitu vya urithi, na nchi nyingi zinataka kibali ndipo zitoke. Kama huna hati zinazoonyesha sarafu ilitoka wapi, usiitie kwenye bahasha.

Kufunga

Barua hupita kwenye mashine zinazoivuta kwa mikanda, kuipindisha kwenye magurudumu na kuisukuma kwa kasi. Sarafu iliyo huru ndani hukimbilia pembeni mwa bahasha, ukingo wake unafanya kazi kama kisu, na mwisho inatoka. Bahasha inafika ikiwa na tundu la mviringo, imefungwa tena kwa selotepu ya posta, na ndani mna orodha tu. Kwa hiyo unachopigana nacho ni mwendo wa sarafu. Mapovu ya plastiki yanazuia mgongano, lakini hayazuii mwendo.

Kila sarafu iingie kwenye fremu yake ya kadibodi ya sentimita 5 kwa 5 yenye dirisha la polyester, au kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Epuka vifuko laini vya PVC vyenye harufu ya plastiki mpya: baada ya muda hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Selotepu isiguse sarafu kamwe. Fremu za kubana kwa stepla zina kasoro moja ambayo wanaoanza hawaioni: miguu ya pini hubaki imesimama, na fremu zikilaliana, pini ya hii inatoboa dirisha la ile na kuchora mstari kwenye uso wa sarafu. Chukua koleo, bana kila pini hadi ilale bapa pande zote mbili. Ni kazi ya sekunde tano.

Kata kadibodi mbili ngumu, ndogo kuliko bahasha kwa milimita chache tu kila upande. Panga fremu kwenye kadibodi ya kwanza kwa safu moja, bila kupandanisha, sarafu nzito zikiwa katikati na nyepesi pembeni. Pitisha selotepu juu ya fremu kwa urefu na kwa upana, ukikunja ncha yake ili mwenzako apate pa kushika. Kadibodi ya pili iwe juu, mistari yake ya ndani ikipishana na ya kwanza ili mzigo usikunjike kirahisi, kisha funga kingo zote nne. Sasa shika kipande hicho karibu na sikio utikise. Ukisikia mlio wowote, hata mdogo, fungua uanze upya. Halafu jaribu kukikunja kwa mikono miwili. Kikijipinda, ongeza kadibodi.

Unene unagharimu. Barua ndogo katika mpango wa kimataifa haivuki milimita 5, na barua kubwa haivuki 20. Euro 1 peke yake ina unene wa milimita 2.33, kwa hiyo kwa kadibodi mbili za kawaida tayari umeingia daraja la pili. Usipoteze muda kubana ubaki kwenye la kwanza. Barua nyembamba ndizo zinazopitishwa kwenye mashine kali zaidi.

Uzito nao upangwe mapema. Sarafu 8 za euro 1, kwa gramu 7.5 kila moja, ni gramu 60. Fremu, kadibodi, bahasha na selotepu vikifika gramu 30, uko kwenye 90. Ongeza sarafu mbili tu za kumfurahisha mwenzako na umevuka gramu 100, mpaka wa bei kwenye posta nyingi. Ndipo watu wanapong'oa kadibodi ili waokoe stempu. Toa sarafu, acha kadibodi.

Ndani ya bahasha weka nakala ya orodha pamoja na anwani zote mbili, kwa sababu lebo ya nje inaweza kubanduka. Kabla ya kufunga, piga picha kipande kikiwa wazi, sarafu zote zikionekana. Ukishafunga bahasha, ipime kwenye mizani (kama ile ya sonara haifiki huko, ya jikoni inafaa) na upige picha namba inayosomeka, anwani ikiwa kwenye picha hiyohiyo. Mtumie mwenzako.

Namba ya rejista

Mtu akikupa namba ya ufuatiliaji, unaweza kuikagua kabla hata posta haijaisajili. Muundo wa kimataifa ni herufi 2, tarakimu 9, herufi 2 za nchi. Inayoanza na R ni rejista, V ni ya bima, C ni kifurushi, E ni ya haraka. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi. Zidisha zile nane za kwanza kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawa kwa 11, kisha toa baki kutoka 11. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5.

Chukua 12345678: 8 + 12 + 12 + 8 + 15 + 30 + 63 + 56 = 204. Ukigawa kwa 11 baki ni 6, na 11 toa 6 ni 5. Namba sahihi itaishia 785. Ukipewa inayoishia 783, ama amekosea kunakili ama ameitunga. Mwombe picha ya risiti.

Risiti ina jambo la pili. Kwa kawaida huonyesha uzito. Kuna utapeli wa kutuma bahasha yenye karatasi tupu, wakati mwingine kwa anwani nyingine kabisa katika mji wako, ili mfumo useme "imefikishwa". Namba ni halali, mji ni sahihi, lakini risiti inasema gramu 18 wakati sarafu zako peke yake zingekuwa 80. Jumlisha uzito wa sarafu kutoka kwenye katalogi ulinganishe. Asiyetaka kuonyesha uzito kwenye risiti ana sababu.

Inapofika

Usichane. Kwanza piga picha mbele, nyuma na kingo zote, kisha pima bahasha ikiwa imefungwa. Ikiwa imepungua gramu 20 kutoka kwenye picha ya mtumaji, mmeshajua wote wawili kwamba kilichopotea kimepotea njiani, na hakuna haja ya kutazamana vibaya. Ukikabidhiwa dirishani bahasha yenye tundu au selotepu ngeni, ifungulie palepale mbele ya karani na uombe taarifa ya maandishi ya uharibifu. Ukishafika nayo nyumbani, ni neno lako dhidi ya lao.

Nyumbani, washa kamera kabla ya mkasi, na usiizime hadi sarafu ya mwisho itoke. Kata upande mmoja mrefu, mbali na sarafu. Hapo ndipo mizani ya sonara inarudi kwenye kazi yake ya kawaida, pamoja na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) na sumaku. Euro 1 iwe karibu sana na gramu 7.5 na kipenyo cha milimita 23.25. Senti 1, 2 na 5 za euro ni chuma kilichovikwa shaba, kwa hiyo zinashikwa na sumaku. 10, 20 na 50 hazishikwi. Sarafu ya fedha halisi haishikwi. Halafu ishike kwa kingo na uigeuze kama ukurasa wa kitabu: pande zote mbili za sarafu ya kisasa ya Uingereza lazima zisimame wima. Pauni ya mviringo, iliyoacha kutumika Oktoba 2017, ilikuwa na bandia nyingi zilizokamatika kwa kosa hilohilo, upande mmoja ukiwa umekaa mshazari.

Kama kuna tofauti, mwandikie mwenzako siku hiyohiyo, na picha. Sarafu yenye hali ya chini kuliko ilivyosemwa irudishwe ikiwa kwenye fremu yake ileile. Ukiitoa ukaisafisha, hata kwa maji, umeichukua.

Na isipofika? Rejista ya kimataifa inaweza kukaa wiki kadhaa bila taarifa mpya, hasa kati ya kuondoka nchi moja na kupokelewa nyingine, kwa hiyo siku 20 za ukimya si wizi. Kubalianeni tangu mwanzo kikomo, mathalani siku 45, kisha mtumaji afungue dai kwenye posta yake. Mpokeaji husaidia kwa kuandika kwamba hajapokea. Chini ya mkataba wa kimataifa wa posta dai linakubaliwa ndani ya miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Wakusanyaji wastaarabu hungoja, hungoja tena, na mwezi wa saba tangu kutuma wanapokwenda dirishani na risiti iliyofifia wanaambiwa muda umekwisha. Risiti za karatasi ya joto hufutika haraka, hasa zikikaa juani au karibu na joto. Ipige picha siku unayoipata.